Nikifika mwisho wa leni nasimama, na trela zinakuja

SWALI

Kwako mshauri,

Naishi Pipeline hapa Nakuru na kazi yangu iko mjini. Leseni ninayo mwaka wa pili sasa. Gari langu ni Toyota Vitz ya 1000cc, otomatiki, na mara nyingi watoto wawili wako nyuma na mabegi yao. Ndani ya mtaa sina shida. Shida ni kuingia barabara kuu ya Nairobi.

Asubuhi natokea barabara ya vumbi inayokutana na lami moja kwa moja, hakuna leni ya kuanzia. Naweza kusimama hapo dakika 10 nikitazama malori yakipita. Halafu mara moja kwa mwezi naenda Naivasha kumwona mama, na hata mahali palipojengwa njia ndefu ya kuingilia, hofu inanishika: nafika mwisho wa leni, nasimama, walio nyuma wananipigia honi. Wiki iliyopita nilipojaribu kuingia kutoka hapo nilipokuwa nimesimama, trela ilinipita karibu sana hadi gari likatikisika.

Mume wangu anasema, "Chomeka pua tu, watakupisha." Kaka yangu anasema niwashe hazadi niende polepole, kila mtu ataniona. Fundi naye anasema Vitz ya 1000 si ya haiwei, niuze ninunue yenye injini kubwa. Nimsikilize nani? Na nitajuaje kwamba pengo ninaloliona linanitosha?

Mama Baraka, Pipeline, Nakuru

JIBU

Mama Baraka, kila mmoja wa hao watatu amesema neno lenye mahali pake, ila si hapo unapokwama wewe. Tutawarudia. Tuanze na swali lako la mwisho, maana ndilo linalobeba mengine: pengo linatosha lini?

Kisheria lori halipaswi kuzidi kilomita 80 kwa saa, sawa na matatu. Kwa mwendo huo linakata mita 22 kila sekunde. Tuseme Vitz yako, ikiwa na watoto na mabegi, inatoka sifuri hadi 80 kwa sekunde 15. Katika sekunde hizo wewe utakuwa umesonga kama mita 165, nalo lori limesonga 330. Limekula mita 165 za lile pengo uliloliona ulipokanyaga mafuta. Kama pengo lenyewe lilikuwa mita 150, basi dereva wa lori afunge breki au akugonge, hakuna la tatu.

Sasa ingia ukiwa tayari na 40. Lori litakula kama mita 41 tu kabla hujaufikia mwendo wake. Ingia ukiwa na 60, litakula mita 10. Tofauti ya mwendo kati yenu ikipungua nusu, pengo linaloliwa linashuka hadi robo. Kwa hiyo ile njia ndefu ya kuingilia ilijengwa ili uikimbilie, nawe umekuwa ukiitumia kama mahali pa kungojea. Ukisimama mwisho wake umeutupa urefu wote, umejirudisha kwenye hesabu ya mita 165, tena bila lami mbele yako ya kujirekebisha. Methali ya mwenda pole haikutungwa kwa ajili ya leni ya kuongezea mwendo.

Kipimo chako ni hiki: chukua sekunde ambazo gari lako linatumia kufikia mwendo wa magari ya leni ya kushoto, zigawe kwa mbili, kisha ongeza 4. Nusu ile ndiyo sehemu ya pengo itakayoliwa. Katika zile 4, moja ni ya kuamua na kukanyaga, na tatu ni nafasi inayopaswa kubaki kati ya bampa yako ya nyuma na pua ya lori mkishalingana mwendo. Kwa gari la sekunde 15 unapata 11 na nusu, sema 12. Kwa lori la kilomita 80 hiyo ni karibu mita 270, na ndiyo hesabu yako pale kwenye barabara ya vumbi. Ukiingia kutoka leni ndefu ukiwa na 60, sekunde 6 zinakutosha, yaani mita 130 na kitu. Kama anayekuja ni gari dogo linalokimbia 100, na unatoka sifuri, usikubali chini ya 15.

Hizo 15 za kufika 80 ni za mfano. Pima zako. Jumapili asubuhi mapema, barabara ikiwa tupu, nje ya sehemu zenye kibao cha 50, mtu mzima akae kando yako na saa ya simu. Unapoingia lami kutoka kusimama, aanze kuhesabu pale unapoachia breki, nawe useme "hapo" mshale ukigusa 80. Rudia mara tatu, uchukue ile ndefu kuliko zote. Pima ukiwa na mzigo wa kawaida yako, kwa sababu gari la mtu mmoja na gari la watu wanne si gari moja.

Pengo nalo lihesabu kwa sekunde, usilikadirie kwa macho. Macho hudanganyika na lori: likiwa mbali na limekuelekea, huoni kama linasonga, unaona tu kwamba linakua, na linakua taratibu hadi ghafla limekufikia. Chagua kitu kisichosogea upande linakotokea, nguzo ya umeme au kibao. Pua ya lori ikikigusa, anza: elfu moja na moja, elfu moja na mbili, hadi likupite. Fanya hivyo kwa malori matano au sita huku umesimama bila nia ya kuingia. Ukiona kutoka nguzo ile hadi kwako ni sekunde 12, umepata alama yako: hakuna kitu upande huu wa nguzo, unaingia, kuna kitu, unangoja. Na kama magari yanatokeza kwenye kona au mgongo wa kilima sekunde 7 tu kabla ya kukufikia, hakuna ujasiri utakaoongeza hizo tano zinazopungua. Mahali hapo hapakufai kuingilia ukiwa umesimama, achana napo hata ukizungukia kilomita mbili kwenye njia iliyojengwa.

Sasa fundi. Anachosema kina ukweli nusu. Nakuru iko kama mita 1,850 juu ya usawa wa bahari, na injini isiyo na turbo hupoteza takriban asilimia 10 ya nguvu kwa kila mita 1,000 kwa kuwa hewa ni nyepesi. Vitz ya 1000cc ina nguvu za farasi kama 70 kule pwani. Hapa kwetu zimebaki 57 au 58. Ongeza watoto, AC na mlima mdogo, utaelewa kwa nini inajikokota. Lakini gari hilo linafika 80 vizuri. Linahitaji tu kukanyagwa, na madereva wengi wa otomatiki hawalikanyagi. Wanabonyeza nusu, wanasikia injini ikinguruma, wanaogopa "kuiua," wanalegeza mguu. Giaboksi ya otomatiki ikiona umebonyeza nusu inadhani umeridhika, inabaki kwenye gia ya juu. Bonyeza hadi chini kabisa. Kuna kuchelewa kwa kama sekunde moja, halafu mizunguko inapanda hadi 5,000 na zaidi, kelele nyingi, na gari linavuta. Injini haitakufa kwa sekunde 15 hizo, ina kinga yake ya kuzuia mizunguko isipite kiasi.

Kulingana na mwaka wa gari lako, chini ya D utaona S, B, 2 au L, au kitufe cha O/D, yaani cha gia ya juu kabisa, ubavuni mwa gia. Kama una O/D, izime kabla ya kuingia, uiwashe ukishatulia kwenye 80. Kama una S, itumie. B, L na 2 ziache, ni za milima mikali. Zima AC kabla ya kuingia na uirudishe baadaye. Kwa injini ndogo utaihisi tofauti. Na kama hata ukikanyaga yote gari linasita au linakohoa, kabla hujaliuza mwambie fundi huyohuyo afungue kichujio cha hewa. Gari linalolala Pipeline na kupita vumbi kila siku huziba kichujio mapema kuliko kitabu kinavyosema. Baada ya hapo plagi, kisha hali ya mafuta ya giaboksi. Yote matatu ni nafuu kuliko gari jingine.

Tuje kwenye njia ya kuingilia yenyewe, ile ya safari za Naivasha.

Kazi inaanza kabla hujaifikia. Vioo kwanza: kwa kioo cha kulia, egemeza kichwa hadi kikaribie dirisha lako, kisha kisukume kioo nje mpaka ubavu wa gari ubaki kama uzi tu. Ukikaa wima ubavu utapotea na mahali pake utaona leni unayotaka kuingia. Watu wengi wameweka kioo kinachowaonyesha mlango wao wenyewe wa nyuma, ambao hautawagonga. Indiketa ya kulia iwake mapema, sekunde 3 au zaidi kabla ya kugeuza usukani hata kidogo.

Ukiwa bado kwenye kona ya kuingilia, angalia aliye mbele yako. Hapa pana ajali yake ya kuingia haiwei, wala si na malori: mtu anageuza shingo kulia kutafuta pengo, aliye mbele yake anaghairi na kusimama, anamgonga nyuma. Kwa mwendo wa 60, sekunde moja ya kutazama kulia ni mita 17 za kutotazama mbele. Kwetu kuna na la ziada, matatu inayosimama katikati ya leni hiyo kuchukua abiria kana kwamba ilijengewa steji. Kwa hiyo legeza mguu mwanzoni mwa kona, mwache wa mbele atangulie sekunde 4 hivi. Aliye nyuma yako atapiga honi, apige. Nafasi hiyo ndiyo itakayokupa lami ya kukimbilia hata kama wa mbele atasimama.

Mara leni ikinyooka na kwenda sambamba na barabara, kanyaga yote. Kabla ya hapo kioo hakikuonyeshi kitu, kinaangalia majani ya kando. Sasa kichwa kinafanya kazi kwa mpigo: mbele, kioo, mbele, bega la kulia, mbele. Kila mtazamo usizidi sekunde. Usitafute barabara tupu, hutaipata saa 1 asubuhi. Tafuta pengo moja, lichague, kisha panga mwendo wako ulikutane.

Kufikia nusu ya leni uwe umeamua, na mara nyingi uamuzi mzuri ni kuingia nyuma ya trela badala ya mbele yake. Ukiwa na 65 nayo ina 80, trela ya mita 20 itakupita kwa kama sekunde 5, na wewe utakuwa umetumia mita 90 tu za leni. Mkia wake ukikupita, kanyaga, ingia, uache sekunde 3 kati yenu. Hapo hakuna wa kukusukuma mara moja, kwa sababu aliyefuata trela kwa kawaida anakuona vizuri. Kupunguza 10 au kuongeza 10 kunabadilisha pengo utakaloangukia. Kufunga breki kunakuondolea yote.

Na kama pengo halikupatikana kweli? Simama mapema, ukiwa bado na leni mbele yako, baada ya kuangalia kioo cha ndani ujue nani yuko nyuma. Kila mita uliyobakisha ni mwendo utakaoupata pengo likija. Usirudi nyuma kamwe kwenye leni hiyo. Na kama umepitiliza na leni imeisha, ukingo uliowekwa lami na usio na mtu ni bora kuliko kujitupa mbele ya lori: endelea nao ukipunguza mwendo taratibu, na hapo sasa ndipo hazadi za kaka yako zina kazi.

Kwingine hazadi zinakudhuru. Ukizibonyeza, taa zote nne zinawaka kwa pamoja, na indiketa yako ya kulia inamezwa humo. Dereva wa lori anaona gari lililoharibika kando, wala hajui kwamba unataka kuingia mbele yake. Na mwendo wa polepole aliokushauri ndio uleule wa mita 165.

Malori yanahitaji neno lao peke yake. Trela ya ekseli 7 inaruhusiwa Afrika Mashariki kufika tani 56 ikiwa na mzigo. Ikienda 80, ukijumlisha muda wa dereva kushtuka na muda wa upepo kufika kwenye breki, inahitaji karibu mita 100 kusimama, na hapo breki ziwe nzima na lami kavu. Kwa hiyo hata dereva mwenye roho nzuri kuliko wote hawezi "kukupisha" kwenye mita 60. Halafu kuna suala la mahali anapokaa. Usukani wake uko kulia, kama wako. Upande asioona vizuri ni kushoto, kuanzia mlangoni kurudi nyuma, na pia mita chache mbele ya pua yake kwa sababu kabini iko juu. Wewe unayeingia kutoka kushoto unatokea palepale kwenye upofu wake. Kama huoni uso wake kwenye kioo chake cha kushoto, chukulia kwamba hajui upo. Usikimbie bega kwa bega naye ukitumaini atakuona. Ama umemtangulia kwa sekunde zako kamili, ama umemwacha apite.

Taa zake za mbele akiziwasha na kuzima usizitegemee. Barabara zetu zimeipa ishara hiyo maana tatu au nne: ingia, usithubutu, polisi wako mbele, au salamu kwa trela inayokuja upande wa pili. Subiri uone pua ya lori ikilegea kweli, pengo likikua, ndipo uamini.

Mkisafiri upande wa Salgaa, hesabu zote ziongezee sekunde 4 nyingine. Malori yanayotoka Mau Summit yanateremka kupitia Sachangwan, na wapo madereva wanaoachia nyutro kubana dizeli. Lori la namna hiyo halina injini ya kulishika, lina breki zilizopata moto tu.

Barabara yako ya vumbi ya asubuhi ni ngumu kuliko haiwei ya Naivasha, na sikulaumu kwa dakika 10. Hapo unaanza sifuri, sekunde 12 ni sekunde 12. Lakini kuna mambo yanayokupotezea muda bila wewe kujua. Vitz inavutwa na magurudumu ya mbele. Ukikanyaga yote huku yakiwa kwenye changarawe na usukani umekatwa, yanazunguka bure, yanarusha mawe, na sekunde 2 zimepotea lori likiwa linakuja. Sogea mpaka magurudumu ya mbele yaguse ukingo wa lami bila kuziba njia ya mtu. Pengo likija, panda taratibu, nyoosha usukani, kisha ndipo mguu uende chini. Kama ukingo wa lami umemeguka na una kimo, tafuta pale palipo chini zaidi. Gari linalokwama nusu juu nusu chini ni balaa.

Kabla ya kuachia breki, kichwa kulia, kushoto, kulia tena. Kushoto kwa sababu boda boda hupita ukingoni kinyume cha magari, na wewe umekazia macho kulia. Ingia leni ya kushoto tu. Usiivuke kwenda ya kulia, ile ya kuovateki, hata kama ni tupu, mpaka umefika 80 na umetulia.

Kama unakoenda ni upande wa pili wa barabara mbili zilizotenganishwa katikati, usivuke kulia kutoka hapo saa za msongamano. Ni afadhali ugeuke kushoto pamoja na magari, uende hadi mahali pa kugeuzia palipojengwa. Na pale kwenye uwazi wa katikati pia kuwa mwangalifu: ukitokea hapo unaingia moja kwa moja leni ya kulia, ya magari ya kasi kuliko yote. Kabla ya kuingia humo tazama kama upana wake unalitosha gari lako zima, karibu mita 4. Vinginevyo mkia wako utabaki njiani ukisubiri.

Mume wako sasa. Kuna siku anasema kweli, nazo ni zile za Desemba na Pasaka, Gilgil hadi Naivasha magari yamefungana yanatambaa kwa 10. Kwa mwendo huo tofauti haipo, na pua ikichomekwa taratibu inaeleweka. Tumia leni yote hadi mwisho, ingieni mmoja wao mmoja wenu, tazama dereva machoni, inua mkono kumshukuru. Usipite ukingoni kuovalapu wenzako, hilo ni kosa na ndilo linalofunga barabara kabisa. Lakini pua hiyohiyo ikichomekwa mbele ya lori la 80, ni mita 165 tena. Tena kwa kuwa barabara hiihii, kutoka Rironi hadi Mau Summit, inapanuliwa, michepuko na leni za muda hubadilika. Usiingie kwa mazoea ya mwezi uliopita, soma vibao upya kila safari.

Usiku na kwenye mvua ongeza sekunde 3. Usiku, taa moja inayokuja huenda ikawa boda, huenda ikawa lori lililoungua balbu; ihesabu kuwa lori. Mvua ya kwanza baada ya kiangazi ni mbaya kuliko ya pili, vumbi na mafuta ya lami hugeuka utelezi.

Ukishaingia, fanya mambo matatu kabla ya kupumua: mguu ukae kwenye mafuta mpaka ufike mwendo wa wenzako, usiguse breki kwa hofu; zima indiketa kwa mkono, maana usukani uligeuka kidogo mno kuizima yenyewe; tengeneza tena sekunde 3 na aliye mbele. Nanyi mnaosoma hii mkiwa tayari ndani ya barabara: mkiona indiketa ya kulia upande wenu wa kushoto, hamieni leni ya kulia kama ni tupu, au inueni mguu tu. Kuongeza mwendo ili kumfungia mtu mlango ni tabia ya kitoto.

Mazoezi, Mama Baraka, yawe hivi. Jumapili mbili za kwanza, saa 1 asubuhi, watoto wabaki nyumbani, mtu mwenye uzoefu akae kando na asiseme "ingia" wala "ngoja". Kazi yake ni kuhesabu sekunde kwa sauti na kutazama mbele unapogeuza shingo. Tumia njia ile ndefu ya kuingilia, mara 10, na lengo ni mshale usome 60 au zaidi gurudumu la kulia linapovuka mstari. Jumapili ya tatu nenda kwenye barabara ya vumbi, uhesabu malori hadi upate nguzo yako, kisha uingie mara 5. Siku utakapowarudisha watoto na mabegi garini, pima sekunde upya kabla ya kuiamini nguzo ile. Huenda ukahitaji nguzo inayofuata.